Maswali yenu kuhusu kinga ya mwili: mtoki, chanjo, pweza na karafuu

Barua za mwezi huu zimeuliza jambo moja kwa sura nyingi: mwili unajikinga vipi, na mbona mara nyengine kinga hiyo hiyo ndiyo inayotuumiza? Tumechagua sita.

Nalima mwani. Wiki iliyopita nilikatwa na gamba la kome unyayoni. Siku ya tatu kidonda kikatoa usaha, na kinenani ukanitoka mtoki unaouma nikitembea. Kidonda kiko mguuni, mtoki umefikaje huko juu? Mama mkwe anataka niuchue kwa mafuta ya nazi.
*Mkulima wa mwani, Jambiani*

Usiuchue. Mtoki si ugonjwa mwengine uliopanda kutoka mguuni. Ni tezi ya limfu (maji ya mwilini yanayobeba seli za kinga) ambayo ipo hapo siku zote, ndogo kama punje ya mbaazi, na sasa imevimba kwa sababu ina kazi.

Gamba lilipopasua ngozi, bakteria waliingia nalo. Chini ya ngozi huwa kuna seli walaji ziitwazo makrofeji. Hazimjui bakteria huyu kwa jina, lakini zina vipokezi vinavyotambua vitu ambavyo bakteria wanavyo na sisi hatuna, kama yale mafuta yenye sukari yaliyo kwenye utando wa nje wa bakteria wengi. Zikigusa kitu hicho humwaga saitokini, protini ndogo ambazo seli hupashana habari kwazo. Mishipa midogo ya damu iliyo jirani hutanuka na kuta zake hulegea, damu ikaongezeka na maji yakavuja kwenye nyama. Joto, uvimbe na maumivu ya siku ya kwanza vimetoka hapo.

Ndani ya saa chache huja nyutrofili, seli nyeupe zilizo nyingi kuliko nyengine zote damuni. Uboho wa mtu mzima hutengeneza takriban bilioni 100 kwa siku, na maisha yake ni mafupi mno. Nyutrofili humeza bakteria na kumuua kwa kemikali kali, mojawapo ni ile ile iliyomo kwenye dawa ya maji ya kung'arishia nguo nyeupe. Kimeng'enya kinachoitengeneza kina rangi ya kijani, ndiyo maana usaha huwa na ukijani. Usaha wenyewe ni nyutrofili zilizokufa, bakteria, na nyama iliyoyeyuka.

Mtoki sasa. Pale kidondani kuna seli nyengine, seli dendriti, ambazo kazi yake hasa ni kubeba ushahidi. Humeza kipande cha bakteria, hukikatakata, huingia kwenye mishipa ya limfu na kupanda nayo mpaka tezi ya kinenani, maana limfu ya mguu mzima hupitia huko. Katika tezi huonyesha vipande hivyo kwa seli T, aina ya seli nyeupe za kinga, zinazopita. Kila seli T ina kipokezi cha umbo lake, na kwa kipande kimoja huenda ikafaa seli moja tu kati ya laki moja, au hata kati ya milioni. Kwa hiyo tezi huzizuia seli zisitoke haraka, ili nyingi iwezekanavyo zijaribiwe. Ikipatikana inayofaa, hugawanyika mara mbili au tatu kwa siku, kwa siku kadhaa mfululizo. Tezi iliyojaa namna hiyo lazima ivimbe, na ngozi yake ikivutika lazima iume. Kuichua kunaongeza maumivu tu.

Shughulikia kidonda. Kioshe kwa maji safi ya kutosha na sabuni, na hakikisha hakuna kipande cha gamba kilichobaki, kwa sababu kikibaki nyutrofili zitaendelea kufika na kufa hapo kwa wiki nyingi. Kituoni waambie jeraha ni la baharini, kwani bakteria wa maji ya chumvi huweza kuhitaji antibayotiki tofauti. Kama sindano yako ya mwisho ya pepopunda ina zaidi ya miaka 5, ichomwe tena. Nenda siku hiyo hiyo ukiona mstari mwekundu unapanda mguuni, ukipata homa ya kutetemeka, au mtoki ukilainika kama jipu. Tezi ngumu isiyouma, yenye zaidi ya sentimita 2, au isiyopungua baada ya wiki 4, nayo ionwe na daktari hata kama kidonda kimepona.

Mwanangu ana wiki 10. Kila akichomwa chanjo anapata homa usiku. Kwa nini sindano ile ile mara tatu, na kwa nini surua isubiri miezi 9? Halafu kidonda cha begani cha chanjo ya kuzaliwa bado kinatoa maji.
*Mama, Wete*

Kidonda kwanza, mama, kwa sababu ndicho kinachoharibiwa na watu wenye nia njema. BCG, ile chanjo ya kuzaliwa ya kifua kikuu, ni bakteria hai waliodhoofishwa, na kinga yake hutegemea zaidi makrofeji na seli T zinazokutana nao pale pale kwenye ngozi. Kipele hutoka baada ya wiki 2 mpaka 6, hupasuka, kisha hukauka ndani ya miezi miwili mitatu na kuacha kovu. Kwa hiyo wiki ya 10 bado uko ndani ya muda wake. Usikipake unga wa vidonge, majivu wala dawa ya meno. Kisafishe kwa maji safi na ukiache wazi. Mrudishe kituoni kikitanuka sana au likimtoka vimbe kubwa kwapani.

Sindano ya wiki 6, 10 na 14 hufundisha kinga dhidi ya dondakoo, kifaduro, pepopunda, homa ya ini B na bakteria wa Hib, wanaoleta nimonia na homa ya uti wa mgongo. Dozi ya kwanza huamsha seli B, aina nyengine ya seli nyeupe, chache zinazoitambua. Baada ya wiki moja au mbili hizo hutoa kingamwili, ambazo ni protini zenye umbo la herufi Y. Ncha mbili za juu hushika adui, na mguu wa chini huziita seli walaji. Lakini kingamwili hizi za mwanzo ni chache, na hazimshiki adui sawasawa.

Kazi kubwa hufanyika baadaye, kimya kimya, mtoto akiwa amelala mgongoni mwako. Ndani ya tezi za limfu seli B huzaana, na kila zikigawanyika jeni ya kingamwili hubadilika kidogo bila mpango. Zilizobahatika kushika vizuri zaidi hupata msaada wa seli T na kuishi, nyengine hufa. Ni kama unapepeta mpunga, unaubakisha ulio mzuri, unaupanda tena, unavuna na kupepeta upya. Mchujo huo unataka wiki kadhaa, ndiyo maana dozi haziletwi karibu karibu na muda usiopungua wiki 4 huachwa katikati. Dozi ya pili inakuta seli za kumbukumbu zilizochujwa, na safari hii kingamwili hupanda ndani ya siku chache tu, tena nyingi na zenye mshiko. Ukikosa tarehe, huanzi upya. Unaendelea pale ulipoachia.

Surua ni habari nyengine. Chanjo yake ni virusi hai dhaifu, na lazima vizaane kidogo mwilini ndipo vifundishe. Wewe mwenyewe ulimpitishia mwanao kingamwili zako kupitia kondo la nyuma, nyingi katika miezi ya mwisho ya mimba. Zinamlinda, lakini zitavifuta virusi vya chanjo kabla havijafanya kazi. Kila wiki 3 hivi hupungua kwa nusu. Kufika miezi 9 zimebaki kidogo sana, na takriban watoto 85 kati ya 100 hupata kinga kwa dozi hiyo. Dozi ya miezi 18 huwapata waliobaki, kwa hiyo isidharauliwe.

Homa hutokana na saitokini zile zile. Hufika kwenye sehemu ya ubongo inayopima joto, huko hutengenezwa kemikali iitwayo prostaglandini, na kiwango cha joto hupandishwa. Parasetamoli huzuia prostaglandini hiyo. Usimpe kabla ya sindano ili homa isije, kwa sababu imeonekana kuwa kufanya hivyo hupunguza kingamwili kwa baadhi ya chanjo. Homa ikija na anasumbuka, kipimo ni miligramu 10 hadi 15 kwa kila kilo ya uzito. Mtoto wa kilo 5 au 6 atatosheka na mililita 2.5 za dawa ya maji yenye miligramu 120 kwa kila mililita 5. Soma chupa, maana zipo zenye nguvu mara mbili. Homa ya sindano hii huanza ndani ya siku moja na huisha ndani ya siku mbili. Ikizidi hapo, au ikianza baada ya siku tatu, si ya chanjo: mpeleke. Na ile ya surua huja siku ya 5 mpaka ya 12, kwani virusi vimehitaji muda wa kuzaana.

Kama umewahi kuambiwa urudi siku ya kliniki kwa ajili ya surua na ukakasirika, jua kwamba chupa moja ina dozi kadhaa, na ikishachanganywa na maji yake hutupwa baada ya saa 6. Muuguzi anasubiri watoto watimie ili asimwage chanjo ya wengine.

Dawa gani nzuri ya kuongeza kinga? Nampa mwanangu habasoda na asali, vidonge vya vitamini C, na nataka kumnunulia dawa ya madini ya chuma.
*Baba wa watoto watatu, Fuoni*

Hiyo ya chuma isubiri kwanza. Habasoda na asali si vibaya kwa mtoto aliyepita mwaka mmoja. Aliye chini ya hapo asipewe asali, kwani huweza kubeba mbegu za bakteria wenye sumu ya kupoozesha. Lakini wazo la kwamba kinga ni tangi, ukilijaza zaidi utakuwa salama zaidi, hilo tunalipinga kabisa. Seli nyeupe za mtu mzima mwenye afya ni kati ya 4,000 na 11,000 kwa kila maikrolita ya damu. Zikifika 25,000 hakuna anayempongeza mgonjwa, daktari anaanza kutafuta maradhi.

Kisiwa cha Pemba kimeifundisha dunia somo hili. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2006, zaidi ya watoto 20,000 wadogo walishiriki, na baadhi yao walipewa madini ya chuma na foliki asidi kila siku bila kupimwa kwanza kama wamepungukiwa. Ikaonekana waliopewa wanalazwa na kufariki zaidi kuliko wasiopewa, na sehemu hiyo ya utafiti ikasimamishwa kabla ya wakati wake. Wakati ule malaria ilikuwa nyingi kisiwani. Vimelea na bakteria wanahitaji chuma ili wazaane, na mwili ukiugua huficha chuma chake kwa makusudi: ini hutoa homoni ya hepsidini, inayokizuia chuma kisitoke kwenye seli na utumbo. Watoto waliokuwa na upungufu wa damu kweli, wakapimwa na kutibiwa malaria vizuri, wao chuma kiliwafaa. Shirika la Afya Duniani likabadilisha ushauri wake kwa sababu ya watoto wa Pemba.

Kwa hiyo mpime damu kwanza. Vitamini A hutolewa vituoni kila baada ya miezi 6 kwa watoto wa miezi 6 hadi 59, nayo ina faida ya kweli kwa sababu ngozi laini ya utumbo na mapafu huitegemea. Akiharisha apewe vidonge vya zinki, miligramu 20 kwa siku kwa siku 10 hadi 14, nusu yake kwa aliye chini ya miezi 6. Kwa vitamini C, embe na chungwa vinatosha.

Kaka yangu na wenzake watatu walikula jodari wa kukaanga. Nusu saa baadaye wote wanne nyuso zikawawaka moto, vichwa vinagonga, miili inawasha. Mimi jodari sina neno naye, lakini nikila pweza au kamba midomo inavimba. Ukoo wetu una mzio wa vitu vya bahari?
*Muuza samaki, Malindi*

Ni mambo mawili, na yanafanana kwa sababu kemikali ni moja: histamini. Tofauti ni nani aliyeitengeneza.

Kwako wewe imetengenezwa na mwili wako. Siku moja huko nyuma, seli B zako zilitengeneza kingamwili za aina ya IgE dhidi ya protini ya misuli ya pweza na kamba iitwayo tropomiosini. IgE hazizunguki sana damuni. Hukaa zimejibandika kwenye seli masti, ambazo zimejipanga chini ya ngozi, midomoni, kwenye utumbo na njia za hewa, kila moja imejaa vijifuko vya histamini. Ukila pweza, tropomiosini hugusa IgE mbili zilizo jirani na kuziunganisha, na hapo seli humwaga mzigo wake mara moja. Ndiyo maana midomo huvimba kwa dakika, si kwa siku.

Moto hauivunji tropomiosini. Pweza wa kuchemsha saa mbili, wa nazi, wa kuchoma, ni mamoja. Mafuta yaliyokaangiwa kamba yakikaangiwa chipsi, chipsi nazo zina lawama. Protini hiyo hiyo, kwa umbo linalokaribiana sana, imo pia kwenye ngisi, kaa, kambakochi, mende na wadudu wadogo wa vumbi la godoro. Samaki wenye mifupa wana tropomiosini inayofanana na yetu sisi, kwa hiyo mwili wako hauisumbui, na hivyo jodari huna neno naye.

Kaka yako na wenzake hawana mzio. Watu wanne hawapati mzio mmoja kwa sahani moja. Jodari, nguru na vibua wana asidi amino nyingi iitwayo histidini. Samaki akikaa juani bila barafu, bakteria huigeuza kuwa histamini ndani ya nyama yenyewe, na hapo tena kukaanga, kuchemsha au kugandisha hakuiondoi. Si lazima samaki huyo anuke. Wengine husikia ladha ya pilipili ulimini, na hiyo ni dalili ya kumtema. Kwa hali ya joto yetu, barafu iwe chomboni, samaki afunikwe nayo punde tu anapotolewa majini, si baada ya kufika mnadani. Ugonjwa wenyewe kwa kawaida huisha ndani ya siku moja na dawa za kuzuia histamini, kama setirizini, husaidia.

Kwako setirizini haitoshi siku ambayo sauti itakauka, pumzi ikabana, ukatapika, au ukahisi kuzimia. Hapo dawa ni adrenalini, sindano ya msuli wa paja kwa nje, miligramu 0.5 kwa mtu mzima, na hurudiwa baada ya dakika 5 mpaka 15 ikibidi. Setirizini huzuia histamini isifanye kazi kwenye ngozi, lakini haifungui koo wala haipandishi presha iliyoanguka. Wakati wa kukupeleka hospitali wakulaze na miguu iinuliwe, wasikusimamishe. Ukihema kwa shida ukae kitako. Hata ukipata nafuu, kubali kubaki saa kadhaa, kwa sababu hali hurudi kwa baadhi ya watu. Na kama kazini unasafisha pweza, uiache kazi hiyo, maana hata mvuke wa chungu chake huweza kubeba protini hiyo.

Msimu wa karafuu nikichambua makonyo, vidole na mikono yangu huwasha na kupasuka. Huanza siku ya pili, si siku ile ile. Nimemeza vidonge vya mzio, havisaidii.
*Mchambuzi wa karafuu, Konde*

Umeangalia vizuri, bibi, kwa kuitaja hiyo siku ya pili. Sehemu kubwa ya mafuta ya karafuu ni yujenoli. Molekuli yake ni ndogo mno kutambuliwa na kinga ikiwa peke yake, lakini ikipenya ngozi hujishikiza kwenye protini zako, na mchanganyiko huo huonekana mgeni. Seli T za kumbukumbu huitwa, na zinachukua saa 24 hadi 72 kukusanyika. Hakuna histamini ya maana hapo, ndiyo maana vidonge vyako havikusaidii.

Kama ngozi ingeunguzwa tu na ukali wa karafuu, ungewashwa siku ile ile, tena pale tu zilipogusa, na wenzako wa jamvi moja wangelalamika pia. Daktari wa ngozi anaweza kuthibitisha kwa kubandika kipimo mgongoni kwa saa 48. Krimu ya haidrokotisoni ya asilimia 1 hupoza, ila ngozi ya viganja ni nene na huenda ukahitaji kali zaidi kwa siku chache, kwa ushauri. Vaa nguo ya mikono mirefu, nawa kwa sabuni kila unapoinuka jamvini, kisha jipake mafuta yasiyo na manukato. Na umwambie daktari wa meno, kwani dawa ya kuziba jino kwa muda mara nyingi hutengenezwa kwa yujenoli. Mafuta ya karafuu kwa jino linalouma, wewe usitumie.

Nina miaka 24, nimekulia Mkoani. Nilikwenda Tanga wiki tatu, niliporudi nikalazwa kwa malaria kali. Babu anasema wao waliugua malaria na kesho yake wakaenda kondeni. Kizazi chetu kimepungukiwa kinga? Na mbona nimemaliza dawa na kipimo bado kinatoa mistari miwili?
*Kijana, Mkoani*

Babu yako anasema kweli. Kimelea cha malaria kikiwa ndani ya chembe nyekundu hutoa protini juu yake ili chembe hiyo ing'ang'anie ukuta wa mshipa isipelekwe kwenye bandama kuharibiwa. Kinga hujifunza kuishika protini hiyo, lakini kimelea kina jeni takriban 60 za kutengenezea maumbo tofauti, na hubadilisha. Babu yako aliumwa utotoni mara nyingi, akakusanya kingamwili za maumbo mengi. Hazikumzuia kuambukizwa, zilizuia ugonjwa usimwangushe. Na watoto wengi wa rika lake hawakufika umri wa kukusanya.

Wewe umekua wakati visiwa vya Zanzibar vinaipiga malaria kwa dawa mseto iliyoanza mwaka 2003, na baadaye vyandarua vyenye dawa na upuliziaji wa majumbani, mpaka waliokutwa na vimelea wakawa chini ya mtu 1 kati ya 100. Mwili wako haujapungukiwa kitu. Haukuwahi kufundishwa, na ulipofika Tanga ulikuwa sawa na mgeni kutoka Ulaya. Hata babu naye asijiamini, kinga hii hufifia mtu asipoambukizwa kwa miaka.

Kuhusu mistari miwili: kipimo cha haraka nacho ni kingamwili, zilizokaushwa kwenye ukanda wa karatasi ili zishike protini ya kimelea iitwayo HRP2. Protini hiyo hubaki damuni kwa wiki kadhaa baada ya vimelea kufa. Ukihisi homa tena sasa, omba kipimo cha darubini, kinachoonyesha vimelea vyenyewe. Safari ijayo ya Bara lala ndani ya chandarua, na ukipata homa wakati wowote ndani ya miezi miwili baada ya kushuka botini, nenda kupimwa siku hiyo hiyo na utaje tarehe uliyorudi. Wahudumu wakija nyumbani kupima na wengine, wafungulieni mlango.